Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kazi ya Kuchomelea Vyuma Mombasa

Barua za mwezi huu karibu zote zauliza juu ya kuchomelea. Tumechagua kumi. Zile zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja, na majina tumeyaacha kama walivyoomba wenyewe.

Kijana wangu amemaliza kidato cha nne na kupata D. Vitabu havimvutii, lakini kila nikimtafuta namkuta kwenye karakana ya vyuma. Baba yake ataka aende chuo, mjomba wake asema apelekwe kwa fundi moja kwa moja. Nani ana haki? (Mama mzazi, Mikindani)

Mama, wote wawili wana haki nusu nusu. Kwa fundi kijana atajifunza kupima, kukata, kubeba, kuzungumza na mteja na kumaliza kazi kwa siku aliyoahidi. Asichopata huko ni rodi (vijiti vya kuchomelea) za kuharibu. Fundi mwenye mteja mlangoni hawezi kumpa mwanafunzi kilo nzima achome vipande visivyouzwa, na mkono haukomai ila kwa vipande visivyouzwa. Hiyo ndiyo kazi ya chuo.

Kwa D kamili anaweza kuomba kozi ya Level 5, ngazi ya cheti cha ufundi. Angekuwa na D- angeanza Level 4. Kabla ya kulipa chochote, hakikisheni chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, kisha nendeni mkakione kwa macho siku ya kazi, si siku ya sherehe. Hesabuni vibanda vya kuchomelea na mashine zinazowaka kweli. Ulizeni kila mwanafunzi hupewa rodi ngapi kwa juma. Kilo moja ya rodi za mm 2.5 ina rodi kama 50, na za mm 3.2 kama 30, kwa hiyo jibu la "kilo moja kwa muhula" ni mzaha. Halafu zungukeni nyuma ya karakana mtazame rundo la vyuma chakavu. Mkiona vipande vilivyochomelewa kisha vikavunjwa kwa nyundo au kupindwa, hapo kuna mwalimu anayekagua ndani ya mshono. Vikiwa vyote vizima vimepangwa ukutani kama mapambo, endeleeni kutafuta.

Likizo zote apelekwe kwa fundi wa mjomba.

Nina miezi miwili chuoni. Mwalimu asema mshono wangu wapendeza juu lakini ndani hamna kitu. Amejuaje, na mimi nitajuaje nikiwa peke yangu? (Mwanafunzi, Jomvu)

Utajua kwa kuuvunja. Chukua flatiba (chuma bapa) ya mm 50 kwa mm 6, kata vipande viwili vya sm 15. Simamisha kimoja katikati ya kingine kama herufi T iliyopinduliwa, piga taki mbili (nukta ndogo za mshono za kushikilia), moja mwisho huu na moja mwisho huu. Chomelea upande mmoja tu, kwa rodi ya aina ya 6013 (namba huandikwa kwenye pakiti) ya mm 3.2, ampea 110 hadi 120. Rodi iwe kati ya vyuma viwili, digrii 45, halafu uilaze digrii 10 hadi 20 kuelekea unakokwenda, ncha ikitazama nyuma ulikotoka. Umbali kati ya ncha na chuma usizidi unene wa rodi yenyewe.

Chuma kikipoa, kiweke kwenye jiliwa, upige kile kilichosimama kutoka upande usiochomelewa, kilale juu ya mshono mpaka uvunjike. Sasa tazama kwenye kona, pale chini kabisa.

Ukiona mstari ulionyooka, ukingo wa flatiba ungali mkali kama ulivyotoka dukani, chuma hakikuyeyuka kwenye shina. Ampea zilikuwa chache, au ulikimbia, au rodi uliiegemeza upande mmoja. Ukiona vipande vyeusi vinavyong'aa kama kioo, hiyo ni slagi, ganda la dawa ya rodi iliyoyeyuka, iliyofungiwa ndani: ilikutangulia, nawe ukaichomelea juu yake. Kwa kawaida dawa yake ni kuongeza ampea 10 na kuilaza rodi vizuri zaidi. Vitundu vya mviringo ni unyevu, rangi, kutu au rodi iliyo mbali mno. Ukiona chuma chenye chembechembe za kijivu mshono mzima, hapo umepata.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na uandike ampea kwa chaki juu ya kipande kabla ya kukivunja. Wengi hubadilisha ampea, mwendo na pembe kwa pamoja, kisha hawajui kilichosaidia ni kipi.

Kipimo cha mwendo nacho ni rahisi. Rodi moja ya mm 3.2 ikichomwa mpaka kibaki kishina cha sm 5, yatosha takriban sm 15 za mshono wenye mguu (upana wake juu ya kila chuma) wa mm 5. Kwa hiyo kipande chako ni rodi moja. Ukimaliza sm 15 na bado una nusu ya rodi mkononi, ulikimbia, hata kama mawimbi yamejipanga kama magamba ya samaki.

Vipande vitatu vya kufuatana vikivunjika safi, nenda kwenye mshono wa kusimama, chini kwenda juu, ukipunguza ampea kama asilimia 10. Huko ndiko utakapokaa muda mrefu. Usivunjike moyo.

Nafanya kazi kando ya bahari, Likoni. Rodi nilizonunua mwezi uliopita zilikuwa nzuri. Sasa zinaruka cheche, zinatoa vitundu, na jointi moja ya trela imepasuka siku ya pili. Duka limenidanganya? (Fundi, Likoni)

Huenda duka halina kosa, ndugu yetu. Ile dawa iliyoizunguka rodi hunyonya maji hewani, na hewa ya Mombasa haina uchoyo wa maji, hasa kuanzia masika. Pakiti ikishafunguliwa na kuachwa juu ya meza, siku chache zatosha. Gonganisha rodi mbili: kavu hulia kwa sauti kali ya chuma, zenye unyevu hulia kwa sauti nzito. Tazama pia kile kitako kisicho na dawa. Kutu hapo ni ushahidi. Kwenye moto utasikia mlio wa kukaanga na utaona mvuke mwanzoni.

Lakini kwanza tuambie ni rodi gani. 6013 yenye unyevu hukupa vitundu na matone mengi, na ukiikausha saa moja kwenye joto la digrii 100 hivi hurudi. Ovena ya nyumbani inaweza. 7018 ni habari nyingine. Hiyo imeundwa ili isiingize haidrojeni kwenye chuma, na maji yakiingia kwenye dawa, haidrojeni huingia kwenye mshono. Chuma kinene au kigumu hupasuka baadaye, pengine baada ya saa 24 au 48, wakati mteja keshaondoka. Jointi yako ya trela yafanana sana na hilo. 7018 iliyolala nje huhitaji digrii 300 na zaidi kwa saa moja au mbili kama mtengenezaji alivyoandika kwenye pakiti, na ovena ya keki haifiki huko. Kuzianika juu ya bati juani ni kujifariji.

Nunua pakiti ndogo. Zilizofunguliwa zitie kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana. Mafundi wengi hutumia friji bovu lenye balbu ya wati 60 inayowaka usiku na mchana: yafaa kuziweka kavu rodi zilizo kavu tayari, ila haiponyi zilizolowa. Na ukiwa na rodi za 6010 au 6011, hizo usizitie ovena kabisa. Dawa yake inahitaji unyevu kidogo ili ifanye kazi, na ukiikausha unaiharibu.

Jambo jingine: kama mashine yako ni ya koili ya kienyeji inayotoa AC, 7018 ya kawaida itakusumbua hata ikiwa kavu. Yataka DC, rodi kwenye chanya.

Mimi ni binti wa miaka 19. Nimekubaliwa kozi ya kuchomelea lakini nyumbani wanasema buibui na moto havipatani. Nitavaaje bila kuvua hijabu? (Binti, Kisauni)

Nyumbani wamesema kweli kuhusu buibui, dada, na sababu ni kitambaa. Buibui nyingi ni za polista. Cheche ikitua, polista haiungui ikaisha, huyeyuka na kugandama kwenye ngozi. Pamba huungua tundu dogo ikazima. Basi vaa ovaroli ya pamba nzito, mikono mirefu iliyofungwa mpaka kifundo, suruali isiyo na pindo la kukunjwa chini wala mfuko ulio wazi, kwa sababu cheche hupenda kukaa humo. Kichwani mtandio wa pamba tupu, mfupi, ncha zote zimeingizwa ndani ya kola, bila pini za plastiki. Shingo ifunikwe kabisa. Miale ya kuchomelea huibabua kama jua la saa saba, na kwa hili hijabu yako inakufaa kuliko kichwa wazi cha wenzako. Juu yake helmeti, na kioo namba 10 au 11.

Ukitaka kujua kitambaa ni pamba, vuta uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukijikunja ukawa kishanga kigumu, urudishe dukani.

Glavu omba za saizi yako. Kubwa mno huifanya rodi itetemeke, na watu husema ni mkono wako.

Usiku macho yaniwasha kama yametiwa mchanga, machozi yanatiririka. Fundi wangu asema nitie maziwa, na ninywe maziwa kwa sababu ya moshi. Ni kweli? (Kijana, Magongo)

Hapana mara mbili. Macho yako yamebabuliwa na miale. Maumivu huja baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana yakupata usiku. Yapumzishe gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, usiyasugue. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili. Yasipotulia, au ukiona ukungu, nenda hospitali. Maziwa huingiza vijidudu. Mara nyingi mtu hubabuka wakati wa kupiga taki "moja tu" bila helmeti, au kwa kusimama karibu na mwenzake anayechoma.

Kuhusu moshi: maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Ukichomelea bomba la zinki, moshi mweupe unaotoka unaweza kukuletea homa na baridi saa kadhaa baadaye. Saga zinki sm 3 hadi 5 kila upande wa jointi, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi la chuma, na ukae upande upepo unakotoka.

Nina miaka mitatu kwa fundi Kongowea, najua geti, grili, ngazi. Sina cheti. Lazima nirudi darasani? (Msaidizi wa fundi, Kongowea)

Si lazima. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa gredi: unaanza ya III, kisha II, kisha I. Ina kituo Mombasa, na aliyejifunza kazini hukubaliwa. Kuna maswali ya maandishi na kuna kazi ya mikono. Wa jua kali wengi huanguka kwenye maandishi na kwenye kusoma mchoro, si kwenye moto. Jifunze alama za michoro ya mishono, majina ya sehemu za mashine na maana ya namba za rodi: katika 6013, 60 ni nguvu ya mshono, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba; 1 ni kwamba yafaa kila mkao; 3 yahusu aina ya dawa na umeme. Kwenye vitendo, mtahini hupima vipimo. Geti linaloweza "kuvutwa kidogo likaingia" kwa mteja, huko hukatwa alama.

Nimenunua inverta (mashine ndogo ya kuchomelea) ya ampea 200. Nikichoma kwa rodi ya 3.2 plagi inanuka, na jana imeyeyuka. Mashine mbovu? Grainda yangu ndogo nayo nimeifungia diski kubwa, kinga nimeiondoa. (Msomaji, Tudor)

Mashine nzima. Plagi ya ampea 13 si yake. Rodi ya mm 2.5 kwenye ampea 80 huvuta karibu ampea 13 ukutani, yaani tayari uko ukingoni. Ukipandisha hadi 120 kwa rodi ya 3.2, plagi inapita kiwango chake. Mwite fundi umeme akuvutie laini yake mwenyewe kutoka kwenye bodi, yenye kikata umeme na soketi ya ampea 32. Kebo ya kurefushia isiwe nyembamba kuliko mm 2.5 za mraba kwa kazi ndogo, na uikunjue yote: ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu hupata joto ikajiyeyusha.

Soma pia kibao nyuma ya mashine. Kikisema 200 kwa asilimia 60, maana yake kwa ampea 200 ichome dakika 6 katika kila 10. Nyingine za bei rahisi huandika 200 kwa herufi kubwa ubavuni na asilimia 30 kwa herufi ndogo nyuma.

Na kwa kuwa umetaja grainda yako ndogo umeifungia diski kubwa ukaondoa kinga: toa leo. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya mm 180 imeandikwa mwisho wake, karibu 8,600. Ikipasuka, vipande havichagui.

Mteja wa Nyali ataka grili mbili za dirisha, mita 1.2 kwa 1.2. Naogopa kutaja bei nikala hasara. Pia grili zangu za mwaka jana zimeota kutu kwenye mishono tu. (Fundi mpya, Mtopanga)

Hesabu vyuma kabla ya kutaja kitu. Fremu ya anglaini (chuma cha pembe) mm 25 kwa 25 kwa 3: vipande 8, mitarimbo 2. Ndani, nondo za mraba mm 12, umbali sm 10 katikati hadi katikati, ni 11 kila dirisha, jumla 22, kila moja mm 1,194. Mtarimbo wa mita 6 kamili hutoa 5, kwa hiyo wahitaji 5. Ukiwa wa mita 5.8, hutoa 4 tu, na sasa wahitaji 6. Basi beba tepu dukani, pima kabla ya kulipa. Rodi za 2.5 weka 15 hadi 20, diski za kukata 2, rangi ya kwanza na ya mwisho, usafiri, na siku zako za kazi. Umeme pia ni gharama, ingawa wengi huusahau. Chukua malipo ya awali yanayotosha vyuma vyote.

Usichomelee nondo kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia. Fremu itavutwa, iwe kama tandu. Piga taki zote, pima kona kwa kona (tofauti isizidi mm 3), kisha anza katikati, ruka kushoto, ruka kulia.

Kutu kwenye mishono yatokana na slagi na matone uliyoyapaka rangi juu. Slagi hubanduka baadaye na rangi huondoka nayo, na hewa ya chumvi haingoji. Chokoa, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kama chuma kililala nje usiku, kioshe kwa maji ya bomba ukikaushe, kisha rangi ya kwanza siku hiyo hiyo. Zunguka mshono pande zote: ufa mdogo ulioachwa nyuma ya nondo hukaa maji ya chumvi, na machozi ya kutu yatakayoshuka ukutani ni ya mteja kukuonyesha.

Nataka kazi za meli na mabomba ya mafuta, au kwenda Ghuba. Wananiambia lazima 6G. Ni nini? (Kijana, Changamwe)

Ukiona vyaelea jua vyaundwa, na kwenye meli kila mshono wa maana una jina la aliyeuchoma. 6G ni mkao wa jaribio: bomba limefungwa kwa pembe ya digrii 45, halizungushwi, wewe ndiwe unayelizunguka. Ndani yake mna mikao yote, juu ya kichwa, kusimama, kulala, ndiyo maana aliyelipita hukubaliwa kwa mikao mingine. Kipande hupigwa eksirei au hukatwa vibao vikapindwa kama herufi U, na kwa kanuni nyingi ufa unaozidi mm 3 hivi ni kuanguka.

Usianzie hapo. Pita kwanza bamba la 3G (mshono wa kusimama) na 4G (juu ya kichwa): mm 10, kingo zimekatwa digrii 30 kila moja, pua (ukingo ulioachwa bila kukatwa) ya mm 1.5 hadi 2, nafasi ya mm 3. Shina ndilo linaloangusha watu. Tena sifa hiyo si cheti cha milele. Chini ya kanuni za Marekani kama ASME na AWS, ukikaa zaidi ya miezi 6 bila kuchoma kwa njia hiyo, huanguka, na mwajiri mpya kwa kawaida atakutahini upya hata ukiwa na karatasi. Wakala akikuambia karatasi yatosha huko Ghuba, au kwamba hutapimwa, hakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na NEA, mamlaka ya taifa ya ajira.

Nimepata pipa la petroli Shimanzi, nataka kulikata niunde jiko la kuchomea nyama. Nimeliosha kwa sabuni mara mbili. (Msomaji, Majengo)

Usilikate, wala kwa grainda. Mafuta hubaki kwenye mikunjo ya mfuniko na chini ya kutu, hayaonekani wala pengine hayanuki, na joto huyageuza mvuke ndani ya pipa lililofungwa. Cheche moja yatosha. Tafuta pipa lililobeba kitu kisichowaka wala sumu, au bora zaidi nunua bati la mm 3 ulikunje mwenyewe.